Mandari Njema kwa Jamaa za Kiislamu: Matembezi ya Siku Moja katika Nchi ya Dodoma



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya sala, saumu, zaka na malezi ya watoto. Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhania kuwa ni dogo, nalo ni mandari. Yaani kutoka nyumbani asubuhi pamoja na jamaa, kwenda mahali penye miti, maji au mlima, kula huko, kusali huko, kisha kurejea jioni. Ndugu zetu wa pwani wanalijua neno hili tangu zamani, na kwao mandari ni desturi ya watu wenye heshima. Lakini sisi tukaao katika uwanda huu mkavu wa kati ya nchi husikiwa tukisema: "Dodoma kuna nini cha kutazama? Ni vumbi na mibuyu tu." Makusudi yetu ni kuonyesha kwamba maneno hayo si kweli, na kwamba kuyasema mbele ya vijana kuna madhara.

KOSA LETU WENYEWE

Kabla ya kuwaonyesha wengine njia, yatupasa tukiri kosa letu. Sisi ni walimu wa chuo cha Kurani, na umri wetu umepita miaka hamsini. Kwa miaka mingi tuliona kwamba kutembea kwa ajili ya kutazama miti na maji ni upuuzi, na kwamba kijana mwema ni yule atokaye nyumbani kwenda chuoni, na chuoni kwenda nyumbani.

Sikukuu moja ya Idi, baada ya sala, wanafunzi wetu wakubwa walitujia kwa adabu wakasema, "Maalim, twaomba ruhusa twende bwawani tukatembee." Tuliwajibu kwa ukali kwamba Idi si siku ya kuzurura, kisha tukaenda zetu kula pilau. Hatukuwauliza ni bwawa gani, wala nani atakwenda nao, wala hatukuwapa jambo jingine la kufanya. Tulidhani kwamba neno "hapana" latosha kuwa malezi.

Vijana sita walikwenda kwa siri. Alasiri ikapita, Magharibi ikaingia, na mama wa mmoja wao akaja mlangoni petu amejifunga kanga kiunoni, akisema, "Maalim, mtoto hajarudi. Si yuko chuoni kwako?" Hatukuwa na jibu. Baada ya Isha alifika mvuvi mmoja, Mgogo, mtu mzima, akiwa amempakia kijana yule juu ya baisikeli, nguo zake zimejaa tope. Kijana hakujua kuogelea. Aliingia majini kuwafuata wenzake, miguu ikazama katika matope, na lau si mtumbwi wa mvuvi yule kuwa karibu, tungalimzika siku ya pili ya Idi.

Mvuvi hakudai ujira. Alikunywa maji, akatutazama, akauliza: "Mzee, watoto hawa hawana wakubwa?" Kisha akapanda baisikeli yake akaondoka.

Ndugu msomaji, swali lile lilitunyima usingizi. Watoto walikuwa na wakubwa, lakini wakubwa walikuwa wamekaa mkekani. Tangu hapo tumefahamu kwamba kijana akinyimwa furaha ya halali mbele ya wazazi wake, ataitafuta furaha nyingine mahali ambapo wazazi hawapo. Basi Idi iliyofuata tulikwenda sote, baba, mama, bibi na watoto, na tangu mwaka ule hatujaacha.

DINI YASEMAJE?

Huenda mtu akauliza kama jambo hili lina asili katika dini. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Ankabut aya ya 20, yatuamuru tutembee katika ardhi tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanza kuumba viumbe. Naye Mtume wetu (s.a.w.), pamoja na uzito wa kazi yake, alishindana mbio safarini na mkewe Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza akashindwa, na mara ya pili akashinda. Ikiwa mbora wa viumbe alipata wasaa wa kuwafurahisha watu wa nyumbani mwake, je, sisi ni nani hata tujifanye tuna shughuli zaidi yake?

Lakini mandari ina masharti. Pasiwe na ulevi, wala michanganyiko isiyo na staha, wala kupoteza sala. Yenye masharti hayo ni mandari njema, na mwenye kuikosa ni yule atokaye nyumbani bila ya kujiandaa. Basi sasa tuzitaje sehemu, tukianza na zilizo karibu.

MJINI NA VILIMANI

Mji wetu umesimama juu ya uwanda wenye kimo cha zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana asubuhi zake ni za baridi hata katika miezi ya jua kali. Wazee husimulia kwamba jina Dodoma limetokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani mahali palipozama, kwa kuwa tembo aliyekuja kunywa maji alididimia hapo katika matope. Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa wala hawajapata kuisikia habari hii, na siku ya mandari ni siku njema ya kuwasimulia.

Asiye na nauli asijidhulumu. Aamke baada ya sala ya Alfajiri, awachukue watoto, akae nao pembezoni mwa mji kwenye miamba, kabla jua halijawa kali. Kutoka juu huonekana mji uliokuwa kituo cha reli tangu zama za Wadachi, ukaamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na ukapandishwa kuwa jiji mwaka 2018. Chai ya tangawizi katika chupa, mihogo ya kuchemsha na mandazi machache hutosha. Gharama yake haizidi ile ya kifungua kinywa nyumbani, lakini mtoto huikumbuka mwaka mzima.

HOMBOLO NA MASHAMBA YA ZABIBU

Kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini, upande wa kaskazini-mashariki, lipo bwawa la Hombolo, ambalo lilijengwa katika miaka ya 1950. Katika nchi isiyo na mto utiririkao mwaka wote, kuona maji yameenea hivyo ni jambo la kumshukuru Mungu. Wako ndege wengi wa majini na wavuvi na mitumbwi yao, na samaki wabichi hupatikana kwa bei ya kufaa. Wakati mzuri ni asubuhi hadi saa sita, kwani alasiri upepo huvuma.

Hapa twasema neno moja kwa mkazo: maji ya bwawa ni ya kutazama, si ya kuchezea. Ukingo una matope, na katika maji yaliyotuama yaweza kuwamo maradhi ya kichocho, ambayo huingia mwilini kupitia ngozi. Sisi hufunga kamba baina ya miti miwili, kisha huwekwa mtu mzima mmoja kwa zamu, na mtoto yeyote asipite kamba ile. Mwenye kuisimamia kamba hiyo siku hizi ni kijana yule yule aliyeletwa juu ya baisikeli. Hasemi maneno mengi, lakini hatujaona mtoto aliyempita.

Hombolo, kadhalika Mpunguzi ulio katika njia ya Iringa, ni mahali pa mashamba ya zabibu. Nchi yetu hii imejaliwa kuvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, mavuno ya kwanza yakiwa karibu na mwezi wa Februari na Machi, na ya pili Agosti na Septemba. Wako Waislamu wanaoona haya kukanyaga shamba la mizabibu kwa sababu ya mvinyo utengenezwao nchini. Sisi twasema kwamba zabibu ni neema, nayo Kurani imeitaja mara nyingi miongoni mwa neema. Kilichoharamishwa ni kuigeuza kuwa kileo. Mwombe mwenye shamba ruhusa, nunua kikapu, waonyeshe watoto jinsi mzabibu unavyokatwa matawi ili uzae zaidi. Wallahi, somo hilo la kukatwa ili kuzaa latosha kuwa hotuba nzima juu ya malezi.

MTERA

Ukiishika njia hiyo ya Iringa kwa kiasi cha kilomita 120, utafika bwawa la Mtera, katika mto wa Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Bwawa hili lilikamilika mwaka 1980 ili kuhifadhi maji ya mtambo wa umeme wa Kidatu ulio mbali huko chini, na mwaka 1988 Mtera yenyewe ikaanza kutoa umeme, megawati 80. Njia yake hupita katikati ya mibuyu mikubwa, mingine shina lake halizungukwi na watu wanane walioshikana mikono, na mbele ya bwawa utaona miti mikavu imesimama ndani ya maji na ndege juu yake. Samaki wa kukaanga huuzwa kando ya barabara. Lakini humo wamo viboko na mamba. Mtu atazame kwa mbali, wala asishuke majini hata kwa kutawadha.

KOLO, NCHI YA WARANGI

Kama mtu atauliza ni wapi pa kwenda ikiwa uwezo ni wa mara moja tu kwa mwaka, jibu letu ni Kolo. Ni mbali, yapata kilomita 180 kaskazini mwa Dodoma, kupita Kondoa mjini. Lakini tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipofunguliwa mwaka 2018, mwenye kutoka baada ya Alfajiri huwahi kurejea baada ya Isha. Watu wa Kondoa wengi wao ni Waislamu, misikiti haipo mbali, na mgeni hupokelewa kwa uso mkunjufu.

Katika milima ya Kolo kuna mapango na miamba iliyoinama kama paa, na juu ya mawe yake watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu ya udongo: twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu. Ipo pia michoro meupe, ya watu waliokuja baadaye. Mwaka 1951 mtaalamu Mary Leakey pamoja na mumewe Louis walikaa huko wakinakili michoro hiyo, na mwaka 1983 Bibi huyo akatoa kitabu juu yake. Mwaka 2006 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa, likaiandika sehemu hii katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sehemu zilizohesabiwa zimezidi 150. Kolo ipo ofisi, hulipwa kiingilio, na hutolewa kiongozi wa kuwaonyesha wageni njia. Mlima ni mkali kidogo. Wazee na wajawazito wabaki chini ya miti.

Tulipopanda mara ya kwanza, mwanafunzi mmoja wa miaka kumi aliuliza: "Maalim, hawa waliochora walikuwa Waislamu?" Tukamwambia kwamba hatuna habari za imani yao, ila wao pia ni wana wa Adamu, waliishi, waliwinda, waliona njaa, wakafa, zimebaki alama za mikono yao. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sisi tutabakisha nini?" Hatukumjibu upesi. Swali la namna ile halizuki chuoni, mbele ya ubao.

Sehemu mojawapo, iitwayo Mungomi wa Kolo, ni mahali ambapo baadhi ya wenyeji hupanda kufanya matambiko ya mvua na ya wagonjwa. Twawaambia vijana wetu mambo mawili. La kwanza, tusiwadhihaki wala tusiguse vitu vyao, kwani dharau si katika tabia ya Mtume. La pili, sisi mvua twaiomba kwa Mola peke yake, na dini yetu imetufundisha sala maalumu ya kuomba mvua. Katika nchi hii ambayo msimu wa mvua ni mmoja, ukikosa mtu hukosa chakula cha mwaka mzima, ni aibu kwamba vijana wengi hawaijui sala hiyo. Siku ile tuliwafundisha pale chini ya mlima, jinsi Imamu anavyogeuza shuka yake na kuinua mikono.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wako watu waliochimba mashimo chini ya miamba ile, wakidai kutafuta mali iliyozikwa na Wadachi wakati wa Vita Kuu, na wengine wameandika majina yao juu ya mawe. Baba akimwona mwanawe ameokota jiwe au mkaa ili aandike, amshike mkono pale pale. Kilichodumu kwa karne nyingi kisiharibiwe na mtoto wa chuoni kwetu.

Njiani kuna somo jingine. Huko Kondoa utaona makorongo makubwa mekundu, ardhi imeliwa na maji kama mkate ulioliwa na panya. Miti ilikatwa na mifugo ikazidi, hata serikali ikaanzisha mwaka 1973 mpango wa kuhifadhi ardhi ulioitwa HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika sana. Leo majani na miti imerudi mahali pengi. Mwanadamu amepewa ardhi awe mlinzi wake. Hapa mtoto huona kwa macho matokeo ya kulala na matokeo ya kuamka.

KONGWA NA SINGIDA

Kwa ufupi tuzitaje sehemu mbili zaidi. Kongwa, upande wa mashariki, ina majani mazuri na upepo mwanana. Huko Waingereza walianza mwaka 1947 shamba kubwa la karanga, na kufikia 1951 mradi wote ukawa umeshindwa, kwa kuwa walitanguliza mashine kabla ya kuijua mvua na udongo. Baadaye, kuanzia miaka ya 1960, Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Nao jamaa wa Singida wana maziwa mawili ya chumvi karibu na mji wao, Singidani na Kindai, yenye heroe nyakati fulani, na kando yake majabali makubwa yaliyopangana kama mtu aliyeyapanga kwa mkono.

MAANDALIZI

Wakati. Mwezi wa Aprili hadi Juni ndio bora, mvua imekwisha na majani bado mabichi. Katika mvua, tusile wala tusiegeshe gari ndani ya mto wa mchanga, hata kama mbingu ni nyeupe juu yetu. Mvua iliyonyesha mbali huleta maji kwa ghafula. Mwezi wa Septemba na Oktoba ni vumbi, na mibuyu haina majani ya kutupa kivuli. Pia tusiichague siku ya Ijumaa tukaja kupoteza sala ya Jumaa.

Maji. Kila mtu apimiwe maji ya kunywa, na pawe na dumu la pekee kwa ajili ya udhu. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kibaba kimoja, ambacho hakifiki lita moja, basi dumu la lita 20 latosha watu zaidi ya ishirini wasiofanya israfu. Maji yakikosekana kwa hakika, udongo safi upo tele, na hukumu ya kutayamamu haikuwekwa bure.

Sala. Kibla cha Dodoma ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. Jua linapochomoza, liweke mkono wako wa kuume, kisha ugeuke kidogo kulielekea. Mwenye kwenda Hombolo asali sala kamili, kwani si mwendo wa kupunguza. Mwenye kwenda Mtera au Kolo amepita kilomita 80 na zaidi, basi kwa masharti yake anaruhusiwa kupunguza, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Afadhali amuulize shehe wake kabla ya safari. Na waadhini vijana. Sauti ya mtoto wa miaka kumi na miwili ikiadhini juu ya mwamba ni kitu kisichosahaulika.

Chakula. Tusiwafanye mama zetu wakahama na jiko. Chapati, mikate ya kumimina, kuku wa kukaanga tangu usiku, karanga, ubuyu na ndizi vyatosha. Ikiwa mama atashinda akipika, basi mandari ni ya wanaume tu, na yeye amebadilishiwa jiko. Baba na vijana watandike mikeka, wagawe chakula, na waoshe vyombo. Hayo pia ni sunna, kwani Mtume alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake.

Usafi na usalama. Tumefundishwa kwamba mwenye kujisaidia njiani, kivulini au penye maji ya watu hujitafutia laana. Na kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Chupa na mifuko ya plastiki virudi mjini katika gunia. Watoto wasirushe mawe wala kuwasha moto chini ya mibuyu na miamba, kwa kuwa humo hukaa nyuki. Wahesabiwe watoto wakati wa kushuka, wakati wa kila sala, na wakati wa kupanda.

NENO LA MWISHO

Enyi wazazi, watoto hawatakaa mikononi mwetu siku nyingi. Yule wa miaka saba leo anakuomba umshike mkono apande mlima. Baada ya miaka saba hatakuomba, na baada ya saba nyingine atakuwa mji mwingine. Fedha ya nauli yaweza kukusanywa kidogo kidogo: sisi katika chuo chetu kila nyumba hutia sarafu katika mkebe kila wiki, na asiye nacho hubebwa na wenzake, wala hatajwi.

Mvuvi yule tulimtafuta Idi iliyofuata, tukampelekea pilau na shuka. Alituona tumeshuka katika gari, wazee kwa vijana, wake kwa waume, na kamba imekwisha fungwa baina ya miti. Alicheka, akasema, "Leo wakubwa wamekuja." Tukakaa naye tukala.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu wendako na warudiko, aijaalie nchi yetu mvua ya heri, na atupe macho ya kuziona neema zilizo karibu nasi. Amin.